Darasa Lililoondoka na Maji

Hotuba ya Kamati ya Fedha katika harambee ya mwaka ya wana Kondoa waishio Dar es Salaam, Kariakoo, Septemba 2024

  

Kila mwaka Kamati ya Fedha hupewa dakika kumi. Tunasoma mapato, tunasoma matumizi, mnapiga makofi, tunakwenda kula pilau. Safari hii tumeomba muda zaidi, kwa sababu katika taarifa iliyo mwisho wa kijitabu hiki kuna mstari mmoja ambao hatukutaka mkutane nao peke yenu nyumbani. Mstari wenyewe ni huu: darasa moja, limefutwa katika orodha ya mali.

Darasa hilo mnalikumbuka. Ni lile la bati za bluu tulilolichangia miaka miwili mfululizo, ambalo picha yake ilikaa kwenye jalada la kijitabu hiki mwaka lilipozinduliwa. Wahasibu tunalo neno uchakavu, maana yake mali inapungua thamani kidogo kidogo kila mwaka hadi muda wake uishe. Darasa lile tuliliwekea miaka hamsini. Limedumu saba. Usiku mmoja wa Januari mwaka huu, katika zile mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2023 na ambazo ndugu na jirani zetu wa Katesh walizilipia kwa roho za watu tarehe 3 Desemba, ukingo wa korongo ulimeguka na msingi ukabaki unaning'inia. Asubuhi ukuta wa nyuma ulikuwa chini. Hakukuwa na mtoto ndani, tunamshukuru Mungu. Madawati mengi yaliokolewa. Bati wanakijiji waliziezua wenyewe kabla hazijaondoka.

Sasa, tungeweza kuja hapa leo na kuwaambia: ndugu zetu, darasa limeanguka, tuchange tujenge lingine. Mngechanga, tunawajua. Lakini kazi yetu ni hesabu, na hesabu hairuhusu kununua mali ileile mara mbili bila kuuliza ya kwanza imepotelea wapi.

Juni mwaka huu tulikwenda watu watano. (Tulipanda basi; safari ijayo tutaipanda treni mpya hadi Dodoma, maana kutoka Dodoma hadi Kondoa ni lami tupu tangu 2018, hakuna tena kisingizio cha kutokwenda nyumbani.) Tuliliona korongo. Ukisimama ukingoni unatazama chini kama mtu aliye ghorofa ya pili mtaa wa Msimbazi. Wazee walituonyesha mahali lilipoanzia: ilikuwa njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji, na wao wakiwa watoto waliiruka kwa mguu mmoja.

Ndugu zetu waliozaliwa Ilala na Temeke pengine hawajui jambo hili linavyotokea, kwa hiyo tulieleze kidogo. Kwetu mvua ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Mwaka wa ukame nyasi zinakauka, mifugo inamaliza zilizobaki hadi shina, na ardhi inakaa wazi, imekanyagwa, ngumu kama sakafu. Mvua ya kwanza ikija inakuja kwa hasira. Hainywewi na ardhi, inateremka, na kila inapokuta njia ya ng'ombe au mfereji wa mkokoteni inaongeza kasi. Udongo mwekundu wa juu, ambao ndio wenye rutuba, unakwenda na maji. Kule chini mto unajaa mchanga na kupanuka hadi unakula mashamba ya bondeni. Kwa hiyo ukame na mafuriko kwetu si maadui wawili. Ni ndugu wa tumbo moja, mmoja anafungua mlango, mwingine anaingia kuiba.

Wala hilo halikuanza jana. Kondoa Irangi ilikuwa kituo cha misafara ya kutoka pwani, na misafara ilikula. Ikaja boma la Wajerumani. Mwaka 1916 Waingereza na Wajerumani wakapigana palepale Kondoa, na vita vile vilibebwa mabegani na wapagazi wa Kiafrika wa Carrier Corps, wale ambao jina la kikosi chao ndilo hili tunaloliita Kariakoo. Ukweli ni kwamba tulipofika mtaa huu tulikuta jina linalotuhusu. Baada ya hapo serikali ya kikoloni ikafyeka mapori makubwa ili kufukuza mbung'o. Mbung'o wakaondoka, mifugo ikaongezeka, vilima vikabaki uchi. Kufikia Uhuru makorongo yalikuwa yameshajulikana kwa wataalamu.

Lakini miaka ambayo tunataka kukaa nayo usiku huu ni kuanzia 1973, kwa sababu ndiyo iliyotuleta sisi, au wazazi wetu, hapa mjini.

Mwaka 1973 na 1974 mvua zilikatika sehemu kubwa ya nchi. Wakati uleule mafuta ya petroli yakapanda bei duniani, na wakati uleule watu wakahamishiwa vijijini kwa Operesheni Vijiji. Nyumba zikasogezwa pamoja, na mashamba ya karibu na kijiji yakalimwa mwaka hadi mwaka bila kupumzika. Nchi ikaagiza mahindi kutoka nje. Ndiyo ule unga wa manjano ambao watu waliubatiza unga wa yanga, na tunaambiwa hata mashabiki wa Simba waliula bila kulalamika.

Mwaka huohuo wa 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Walichimba makingamaji kwa matrekta, walipanda miti, walipanda mkonge kwenye kingo za makorongo. Wazee wanasema kazi ilikuwa nzuri ila ng'ombe walikuwa wanaila ikiwa bado mbichi. Ndipo 1979 ikatoka amri: mifugo yote iondoke katika eneo lililoharibika, kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, zaidi ya 80,000, wakaswagwa kwenda nyanda za nje ya eneo.

Tumezaliwa mwaka huo, au mmoja kabla, au mmoja baada. Tumekua tukisikia habari ya siku ile kama wengine wanavyosikia habari ya msiba. Mama aliyekuwa akikamua alfajiri akaanza kutafuta maziwa ya kununua. Samadi ikaisha shambani. Mahari ikawa shida kuihesabu. Na kumbukeni ulikuwa mwaka gani: Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika 1977, vita vya Kagera ndiyo kwanza vinakwisha, mafuta yanapanda tena, na Mwalimu amewaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi kumi na minane. Mijini mkanda ulifungwa kwa foleni ya sukari na sabuni. Kwetu ulifungwa kwa kutazama ng'ombe wanaondoka. Miezi kumi na minane ikapita, na mkanda ukawa bado unakaza, na mvua za miaka ya mwanzo ya 1980 hazikusaidia.

Basi vijana wakashuka. Basi hadi Dodoma, treni ya Reli ya Kati hadi Dar es Salaam, kisha kwa miguu hadi huku. Walifikia vyumba vya watu wa kwao, wanne, watano, wakalala kwa zamu. Walibeba mizigo, walisukuma mikokoteni, waliuza njugu na kahawa. Wengi walipata riziki kandokando ya soko kuu, lile jengo alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975 wakati nchi bado inauguza ukame. Tunalitaja kwa sababu moja. Mkilitazama paa lake, ile miavuli ya zege iliyogeuzwa, imechorwa ili ikinge mvua na kuyapeleka maji chini yakahifadhiwe. Katikati ya jiji la pwani, penye mvua mbili kwa mwaka, mtu aliona haya kuacha maji yapotee. Jengo liliungua Julai 2021, lakini miavuli mnaiona.

Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa mtaani na kurudishwa kijijini akalime. Kulima ni jambo jema, hatuna ugomvi nalo. Ila fikirieni kijana aliyekimbia korongo anaambiwa arudi kwenye korongo, bila ng'ombe, bila samadi, mwaka usio na mvua. Wapo waliorudishwa mara mbili na mara mbili wakaja tena. Mzee mmoja aliyekaa meza ya mbele leo, hatumtaji, anajijua, alilala siku mbili kwenye stoo ya vitunguu mtaa wa Mchikichi akisubiri wakamataji wapite. Mpaka leo ukimwekea kachumbari anasogeza sahani.

Na nyumbani je, baada ya mifugo kuondoka? Hapa lazima tuseme ukweli wote, kwa sababu kila mmoja husimulia nusu inayompendeza. Ardhi ilipona. Si maeneo yote, lakini nyasi zilirudi ndani ya miaka michache, kisha vichaka, kisha miti bila hata kupandwa. Mito ya mchanga ikapungua upana, na watu wakaanza kulima viazi vitamu juu ya mchanga ule. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe wa maziwa wakaruhusiwa kurudi kwa sharti la kufugwa bandani na kukatiwa majani. Kwa hiyo amri ile iliumiza watu, na amri ile iliponya vilima. Mzee aliyetuongoza Juni alikubali yote mawili kwa pumzi moja, akaongeza kwamba angekubali kwa moyo mweupe zaidi kama angeulizwa kwanza.

Mradi ulifungwa katika miaka ya 1990. Ulinzi ukalegea. Ng'ombe wakaanza kurudi, wawili, watano, ishirini.

Na hapa, ndugu zetu, tunafika kwenye mstari wa hesabu ambao umetusumbua sisi watano tangu Juni. Tulikaa kijijini siku nne. Asubuhi mbili tulisimama chini ya kilima kilicho juu ya shule, kilima kilichokuwa hifadhi, tukahesabu ng'ombe wanaopandishwa kuchungwa. Walizidi mia mbili. Kisha, kwa kuwa ni mazoea ya kazi yetu, tukauliza kila kundi mwenyewe ni nani. Wachungaji hawakuficha kitu, watoto hawajui siri za watu wazima. Zaidi ya nusu ya ng'ombe wale ni wa watu wanaoishi Dar es Salaam. Majina tuliyoyaandika jioni ile tunayafahamu vizuri, maana tunayaandika kila mwaka katika daftari la michango ya chama hiki.

Yetu yalikuwemo. Wote watano.

Hatukununua ng'ombe kwa ubaya. Tumelelewa na watu walioona shilingi ikishushwa thamani mara kwa mara miaka ile ya 1980, walioweka fedha leo na kesho zikawa hazinunui kilo ya sukari. Walitufundisha kwamba noti inayeyuka lakini ng'ombe anazaa. Kwa hiyo ukipata faida dukani Kariakoo, sehemu unamtumia kaka yako, anunue ndama, amweke pamoja na wake. Ni akiba, ni bima, ni heshima ukifika nyumbani Idi au Krismasi. Mchungaji ni mtoto wa ndugu, malisho ni bure. Na hilo neno bure ndilo lililotufanya tushtuke, kwa sababu katika vitabu vyetu hakuna gharama inayoitwa bure. Ipo tu gharama iliyoandikwa kwenye daftari la mtu mwingine. Malisho ya ng'ombe wetu yameandikwa kwenye daftari la shule. Tulichanga darasa kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto tukalisukumia korongoni.

Tunajua wapo watakaosema ni ukame, ni mabadiliko ya tabianchi, ni Mungu. Ukame upo. Mwaka 2022 hata sisi hapa jijini tulipata maji kwa mgao kwa sababu Mto Ruvu ulipungua, na bei ya mahindi mliiona sokoni. Lakini mvua ileile ya Januari ilinyesha pia kwenye kilima cha pili, ng'ambo ya bonde, ambako wenye mashamba bado wanayatunza makingamaji ya zamani na hawaruhusu kuchunga. Kule hakuna kilichomeguka. Tumepiga picha za vilima vyote viwili, ziko ukurasa wa sita, zitazameni.

Kuna watu tungependa kuwaiga, nao si wa mbali. Wakamba wa Machakos, Kenya, walihesabiwa na wakoloni miaka ya 1930 kuwa watu wa nchi iliyokufa. Mwaka 1938 mifugo yao ilikamatwa ili ipunguzwe, wakaandamana hadi Nairobi wakagoma. Kufikia 1990 idadi yao ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano, na vilima vimejaa matuta. Walichimba kwa vikundi vyao vya mwethya, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa watoto wao waliokuwa wakifanya kazi mijini. Tumelisoma hilo zaidi ya mara moja. Fedha ya mjini kule ilikwenda kwenye tuta. Yetu imekwenda kwenye kwato.

Kwa hiyo harambee ya leo si ya darasa. Darasa tutalijenga mwakani, upande wa juu wa kiwanja, serikali ya kijiji imeshatoa eneo. Harambee ya leo ni ya kilima. Tunaomba fedha za majembe, sururu, mitaimbo na toroli. Mawe ya kuzuia maji ndani ya korongo yapo, yanahitaji lori la kuyasomba siku chache. Tunaomba fedha za miche ya mkonge na mbegu za mabingobingo za kupanda juu ya matuta, ambazo zitashika udongo na kulisha ng'ombe wa bandani. Kuchimba watachimba wanakijiji wenyewe, siku mbili kwa wiki kuanzia mwezi ujao hadi mvua zianze. Ofisa kilimo wa kata atapima mistari kwa ile fremu ya miti mitatu yenye kamba na jiwe. Tumeona anavyofanya, hata sisi tulijaribu tukakosea. Mchanganuo wote, shilingi kwa shilingi, uko ukurasa wa saba. Hakuna posho ya kamati ndani yake.

Hilo ni daftari la kwanza, la kijani, liko kwa mweka hazina pale mlangoni.

Daftari la pili ni jekundu na liko kwa katibu. Hilo haliandikwi fedha. Linaandikwa jina, idadi ya ng'ombe ulionao nyumbani, na utakachowafanyia kabla ya Desemba: kuuza, kuwahamishia kwenye malisho yaliyotengwa na kijiji, au kujenga banda. Halitasomwa hadharani. Hakuna atakayefukuziwa mfugo, hatuna mamlaka hayo na tusingeyataka. Wazee wetu waliswagiwa ng'ombe mara moja, inatosha. Mwenye ng'ombe wawili wa maziwa bandani atapata maziwa mengi kuliko mwenye kumi wanaopanda kilima kiangazi, lakini hayo mtayapiga hesabu wenyewe, kalamu tumeweka kila meza.

Kurasa za kwanza za daftari jekundu zimeshajazwa. Sisi watano wa Kamati ya Fedha tulikuwa na ng'ombe kumi na tisa pale. Kumi na wanne wameuzwa mnadani Agosti, kwa bei ambayo kwa kweli haikuwa nzuri, maana kila mnunuzi alijua tuna haraka. Watano wamebaki, mmoja kwa kila mtu. Banda la kwanza limeezekwa wiki iliyopita kwa bati nane za bluu zilizotoka kwenye darasa, ambazo tumezinunua kwa kamati ya shule na risiti tunayo.

 Pilau iko tayari.